Koti la Mwaka Mzima Bila Moto

Mpendwa Shangazi Ardis,

Kwa heshima kubwa na kwa moyo uliojaa unyenyekevu, naomba kuwatangazia wasomaji wote wa gazeti hili, kuanzia wale wa mtoni hadi wale wa maghala ya ngano upande wa reli, kwamba tarehe ishirini Juni, mbele ya mashahidi kumi na wanne na keki mbili, mimi Leland Schatz wa Weissburg, mwenye umri wa miaka hamsini na sita na magoti ya miaka themanini, nilivishwa koti. Ni koti la bluu la ushirika wetu wa wakulima, lina zipu ya shaba, na kifuani upande wa moyo limetariziwa kwa uzi wa njano maneno haya: MWAKA MZIMA BILA MOTO. Chini yake lipo jina langu, limekosewa herufi moja. Hakuna aliyeumia katika sherehe hiyo, hakuna aliyelia isipokuwa mimi, na sababu ya kulia kwangu ndiyo inayonifanya nikuandikie, kwa hiyo naomba msaada, Shangazi, na naomba pia jina langu lisitajwe.

Mimi ni mlinzi wa moto katika bohari ya mafuta ya ushirika. Najua jina hilo linachekesha, na shemeji yangu Delmar Fettig, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye fundi wetu wa kuchomelea vyuma, hajachoka kulichekea kwa miaka tisa. Kila akinikuta nimekaa ananiuliza, vipi shemeji, moto haujatoroka? Kazi yenyewe ni hii, kwamba mahali penye matangi ya dizeli na petroli huwezi kuwasha hata njiti ya kiberiti bila karatasi ya kibali, na Delmar anapokuja kuchomelea ngazi iliyolegea au bomba lililopasuka, kwanza tunapima hewa kwa kipima gesi, tunaondoa kila kinachoweza kuungua, tunatandika blanketi lisiloshika moto, halafu yeye anachomelea na mimi ninakaa na mtungi wa kuzimia moto miguuni, sifanyi lolote jingine, naangalia cheche zinaangukia wapi, na akimaliza, akazima mashine, akaanza kukunja nyaya zake, mimi naendelea kukaa saa nzima nyingine, kwa sababu tone la chuma linaweza kujificha mahali likapika polepole kama maharage, na likaiva watu wakiwa wamekwenda nyumbani. Ni kazi inayonifaa. Mungu aliponiumba alitumia muda mwingi kwenye sehemu ya kukalia. Nakaa, natafuna mbegu za alizeti, natema maganda kwenye kikombe, na kikombe kikijaa najua saa imekwisha hata bila kutazama mkono.

Sasa Shangazi, tarehe kumi na moja Juni, yaani siku tisa kabla ya koti, Delmar alichomelea vidato vya ngazi ya tangi namba mbili, lile la dizeli, na wewe unajua Juni yetu ilivyo, ile miti ya mipopla kando ya kijito inamwaga usufi mpaka mtu mgeni anadhani theluji imekosea mwezi. Niliufagia usufi wote saa mbili asubuhi, naapa, nikatia alama kwenye kibali kwamba pamefagiliwa, lakini Delmar alianza kazi saa saba mchana, na upepo ulikuwa umegeuka saa tano, na usufi hausomi kibali, kwa hiyo ulikuwa umerudi na kujipanga kando ya ukuta unaozunguka matangi kama hakuna kilichotokea. Delmar akamaliza saa tisa kamili. Mimi nikaanza saa yangu ya kukaa. Katikati hapo nilikwenda chooni dakika mbili tatu, unajua kahawa na umri, na niliporudi kulikuwa na kamoto kadogo, ka ukubwa wa sahani, kwenye ubao wa zamani uliokuwa pale, na usufi kidogo umeshika, nikapuliza poda ya mtungi, kakazimika, nikafagia, basi. Kwenye karatasi ya kibali, mstari wa mwisho, pameandikwa: Katika saa moja baada ya kazi, umeona nini? Nikaandika ninachoandika siku zote: Sikuona kitu.

Mambo yangeishia hapo, Shangazi, ningekuwa nimeshasahau, maana mimi kusahau ni kipaji. Lakini meneja wetu wa bohari, Marcella Hoff, mama makini ambaye hata kalamu zake amezifunga kamba, ametoa karatasi zangu zote za miaka tisa kwenye kabati, akazihesabu, ni mia nne na kumi na mbili, na zote, kila moja, zinasema Sikuona kitu. Akazipeleka kwenye kamati. Akasema huyu Leland ni mfanyakazi mwaminifu, ndiyo maana tumempa koti. Halafu akasema, na kwa kuwa huyu mwaminifu hajawahi kuona kitu baada ya kazi kwa miaka tisa, ya nini kumkalisha saa nzima wakati wa mavuno unakuja na watu hawatoshi? Robo saa inatosha. Jumanne ijayo kamati itapiga kura. Mwezi wa Agosti itachomelewa mabomba ya tangi namba tatu, lile la petroli, na fundi ni Delmar, na kutoka pale hadi dirisha la jikoni kwangu, ambapo mke wangu Arlys anasimama akikoroga supu ya viazi, ni hatua mia mbili na kumi. Nimezipima. Nimezipima mara tatu wiki hii, jirani ameanza kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Usiku silali. Arlys ameona. Juzi alilitoa koti kulifua akaniuliza hii poda nyeupe iliyojaa kwenye mishono ni ya nini, nikamwambia ni sukari ya zile keki za sherehe, akanusa, akanitazama, akasema, haya. Shangazi, nimeoa miaka thelathini na moja, na hiyo "haya" naijua. Ina nyumba nzima ya maneno ndani yake.

Kinachonila si kazi, ingawa nikifukuzwa katika umri huu sijui nani atanilipa ili nikae. Kinachonila ni Delmar. Akivaa ile kofia yake ya kuchomelea haoni kitu isipokuwa nukta moja ya mwanga mbele ya pua. Haoni mguu wake mwenyewe. Mwaka wa kwanza tulipoanza kufanya kazi pamoja alinigonga kifuani kwa kidole, akaniambia, "Shemeji, nikishusha hii kofia, macho yangu ni wewe." Hakurudia tena, yeye si mtu wa maneno, kilichobaki ni masihara tu. Nikimwambia kwamba macho yake yalikwenda chooni yakadanganya kwenye karatasi, atanitazamaje mezani kwetu Jumapili?

Kwa hiyo nimefikiria njia. Nimefikiria kusimama kwenye mkutano na kusema nina hisia tu kwamba saa nzima ni bora. Nimefikiria kusema nimeota ndoto. Nimefikiria kuandika barua isiyo na jina, lakini mwandiko wangu wanaujua, wameona karatasi zake mia nne na kumi na mbili. Nimefikiria pia kunyamaza, na mwezi wa Agosti nikae saa nzima kwa hiari yangu mwenyewe, nikisingizia kwamba nimependa mandhari. Niambie ipi ni nzuri.

Wako katika mashaka,
Mwenye Wasiwasi (tafadhali usitaje jina)

* * *

Leland,

Umeniomba nisitaje jina lako baada ya kulitaja mwenyewe, pamoja na umri wako, mji wako na hali ya magoti yako. Weissburg ina bohari moja, mlinzi wa moto mmoja na koti moja. Hata nikikuita Mwenye Wasiwasi wa Mbali Sana, meza ya kahawa ya ushirika itakujua kabla maziwa hayajamiminwa. Kwa hiyo tuyaache hayo. Jibu hili nakutumia kwa posta leo Ijumaa asubuhi, ulipate kesho. Gazeti linatoka Jumatano, siku moja baada ya mkutano wenu. Barua yako itakuwa ndani. Usinipigie simu kulia kwamba nakutisha. Sikutishi, hiyo ndiyo ratiba ya mtambo wa kuchapa tangu enzi za baba yangu.

Kwanza nikuhurumie, maana unastahili kiasi. Hukuunguza mtu. Moto uliuzima. Na mtu anayepima hatua kutoka tangi hadi jikoni kwake mara tatu kwa wiki si mtu mbaya, ni mtu anayejua jibu na anatafuta wa kumsukuma. Nimekuja kukusukuma.

Sasa keti vizuri nikugombeze.

Barua yako ni ndefu, Leland, na ina mashimo kama wavu. Unasema ulikwenda chooni dakika mbili tatu. Tone la chuma lipike ubao mpaka utoe moto, usufi ushike, na wewe uko chooni dakika mbili tatu? Mimi si fundi, lakini nimewasha jiko la kuni maisha yangu yote, na ubao hauniharakishii hivyo hata nikiusihi. Unasema moto ulikuwa wa ukubwa wa sahani. Sahani ya nani? Na ubao huo "uliokuwa pale" ulifikaje pale, wakati mmeondoa kila kinachoweza kuungua na wewe ukatia alama? Mbao za Weissburg zimeanza kutembea?

Lakini hayo ni madogo. Nieleze hili. Moto ulikuwa tarehe kumi na moja. Koti ulivishwa tarehe ishirini. Poda ya mtungi imeingiaje kwenye mishono ya koti ambalo ulikuwa hujapewa?

Ndiyo. Nilisoma mara mbili, nikaweka kikombe chini, nikacheka mpaka mbwa akatoka nje. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa ulikuwa wapi, na nikaelewa pia kwa nini Arlys alisema "haya". Yeye alifika huko kabla yangu. Mke wako anajua, Leland. Anangoja tu uje kusema kwa miguu yako mwenyewe.

Hayo maneno yako, Sikuona kitu, sikatai kwamba ni kweli. Mtu aliyegeuka nyuma haoni kitu. Aliyelala haoni kitu. Ndiyo maana yanafaa kwa kudanganyia. Marcella amechukua karatasi zako kama ushahidi kwamba hakukuwa na moto, kumbe ile moja ni ushahidi kwamba hakukuwa na mlinzi. Na sasa anataka kuipunguza saa kwa kutegemea uaminifu wako. Umekuwa mtu wa kutegemewa, ndugu yangu. Pole sana.

Ndoto sahau. Hisia sahau. Kukaa kwa hiari yako Agosti, hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, maana mwaka unaofuata utakuwa na mafua, au utakuwa umestaafu, na mwingine atakaa robo saa yake halali na kuondoka, na wewe peke yako utakuwa unajua kwamba robo saa haitoshi. Kitu hicho hakikai kichwani mwa mtu mmoja, hasa kichwa ambacho kusahau ni kipaji chake.

Fanya hivi. Kesho Jumamosi nenda kwa Delmar. Kwake kwanza, kabla ya meneja, kabla ya kamati. Nenda bila koti na usibebe keki. Mtu akija na keki anaonekana ameshajisamehe. Mwambie dakika, usimwambie huzuni yako. Jumatatu nenda kwa Marcella na ile karatasi ya tarehe kumi na moja, uombe iandikwe upya mbele yake. Halafu andika maelezo yako ya kusoma mkutanoni, sentensi fupi, zenye saa. Usiandike "kamoto". Usiandike "kidogo". Usiandike sahani wala chombo chochote cha mezani. Andika hatua, kama ulivyopima za jikoni kwako. Neno samahani liandike mara moja tu. Wale wana uamuzi wa kufanya Jumanne, wanahitaji kujua moto ulianza lini na ulionekana lini, hawahitaji kukubembeleza.

Koti lirudishe. Usifagie asubuhi kazi ikiwa ya mchana. Fagia wakati fundi anashusha kofia, na ufagie tena akiipandisha. Kaa karibu, ukiwa na mtungi, huku ukiangalia, na ukitaka kwenda chooni mwite mtu akae mahali pako, hata kama ni Marcella na kalamu zake. Maelezo yako ukishayasoma nitumie nakala. Nitayachapa chini ya barua hii, na kama hayatafika, patabaki nafasi nyeupe hapo chini, na Weissburg wataijaza wenyewe.

Nenda.

Ardis

* * *

Mpendwa Shangazi,

Nimekwenda. Nakuandikia Jumanne hii hii baada ya mkutano, na Arlys anakuletea bahasha hii kwa gari kabla hujafunga kurasa, amekataa niiendeshe mwenyewe kwa sababu anasema naweza kupita chooni.

Delmar nilimkuta kwenye karakana yake anachomelea jembe la trekta. Nilingoja mpaka akazima, maana hata kuungama kuna taratibu zake. Nikamwambia. Hakuvua kofia, aliipandisha tu hadi kwenye paji la uso, akaniuliza dakika ngapi. Nikasema thelathini na nne. Akauliza yeye alikuwa wapi wakati huo. Nikasema, ulikuwa nyuma ya ukuta, umepiga magoti, unakunja nyaya, na redio inaimba. Akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nakaribia kufa nusu saa nzima na hakuna aliyeniambia." Kisha akaishusha ile kofia na kuendelea na jembe. Jumapili kiti chake mezani kwetu kilikuwa kitupu, na supu ilibaki. Jana hakuja kunywa kahawa kwenye ushirika, na wazee walioniuliza niliwaambia waniulize tena Jumanne.

Leo alikuja mkutanoni. Alikaa nyuma kabisa. Nilisoma maelezo, Marcella akinishikia upande mmoja wa karatasi. Kura zilikuwa saba kwa mbili, saa nzima imebaki kama ilivyokuwa. Mimi nimeondolewa kwenye ulinzi kwa miezi mitatu, nitakuwa nafagia, na kazi ya Agosti Marcella atakaa mwenyewe, saa nzima, amesema hadharani, na nilipomwangalia nikaona haniambii mimi tu, anajiambia na yeye. Koti limerudi kabatini. Hawajui walifanyie nini, lina jina langu, ingawa kwa ile herufi iliyokosewa huenda siku moja akatokea mwenye jina hilo.

Tulipotoka Delmar alikuwa amesimama kando ya gari lake. Alifungua nyuma, akatoa kiti. Kiti cha chuma kitupu, amekichomelea mwenyewe tangu Jumapili, miguu miwili mirefu na miwili mifupi, ili kikae sawa kwenye sakafu yenye mteremko ndani ya ukuta wa matangi. Akakiweka chini, kwenye lami tambarare, kikalala upande kama mlevi. Akasema, "Si chako. Ni cha yule atakayekaa." Nikasema sawa. Akasema, "Ukirudi mwezi wa Oktoba, kitakuwa chako. Na ukikiacha, shemeji, nitakuchomelea juu yake." Sijui kama nimesamehewa. Lakini ameahidi kuja Jumapili.

Nakala uliyoiomba ni hii, kama nilivyoisoma.

Maelezo ya Leland Schatz, mlinzi wa moto, kuhusu tarehe kumi na moja Juni. Kazi ilikuwa kuchomelea vidato vya ngazi ya tangi namba mbili. Nilifagia usufi saa mbili asubuhi. Sikufagia tena. Ndani ya ukuta sakafu ina mteremko, na kiti changu huyumba, kwa hiyo nilichukua ubao mkavu nyuma ya ghala nikauweka chini ya mguu wa kiti. Kisha nikatia alama kwenye kibali kwamba hakuna mbao ndani ya ukuta. Nilitia alama hiyo nikiwa nimekaa juu ya ubao huo.

Saa tisa kamili Delmar alimaliza. Niliangalia kwa dakika kumi na nne. Sikuangalia chini ya kiti changu, kwa sababu nilikuwa juu yake. Saa tisa na dakika kumi na nne niliondoka. Sikwenda chooni. Nilikwenda ofisini, ambako nilikuwa nimeliona sanduku la koti likifika asubuhi, na Marcella alikuwa amekwenda benki. Nililitoa koti langu nikalivaa. Nililifunga zipu hadi juu. Ikakwama. Nikasimama mbele ya kioo cha mlango wa kabati, mgongo wangu ukiwa dirishani, na kwa kuwa nilijua nitaombwa kusema maneno machache siku ya sherehe, nilianza kujifunza hotuba. Nilijifunza mara nne. Hotuba hiyo ilihusu umuhimu wa kukaa macho.

Saa tisa na dakika arobaini na nane niligeuka ili nione koti linavyokaa kwa nyuma, na dirishani nikaona moshi.

Nilikimbia. Ubao ulikuwa umekwisha, na mguu wa kiti pia. Moto ulikuwa umetoka kwenye ubao ukashika usufi, na ulikuwa unakwenda kandokando ya ukuta kuelekea shimo la pampu ya petroli. Nimepima alama zake. Ulikuwa umetembea hatua kumi na moja. Ulikuwa umebakiza nne. Nilimaliza mtungi mmoja na nusu ya wa pili. Delmar alikuwa upande wa pili wa ukuta na hakuona. Sikumwita. Ningemwita angeniona na koti.

Saa tisa na dakika hamsini na tano Orlin, dereva wetu wa lori la mafuta, aliingia getini kuja kupakia petroli. Alinipungia mkono nami nikampungia. Kwenye lile shimo la pampu, lori likipakia, mvuke wa petroli hushuka na kutulia pale chini, kila mmoja wetu hapa anajua, ndiyo maana hatuvuti sigara upande ule. Zipu ilikubali, nikalipangusa koti nikalirudisha sandukuni, na saa kumi kamili niliandika kwamba sikuona kitu. Samahani.

Naomba kamati izingatie jambo moja kabla ya kupiga kura. Mimi nilivunja sheria ya saa nzima, lakini kwa kuwa sheria ilikuwa ya saa nzima, nilikuwa bado niko bohari. Ingekuwa ya robo saa, saa tisa na dakika arobaini na nane ningekuwa nimeshafika nyumbani, kwa haki kabisa, karatasi yangu ikiwa safi na ya kweli, nakula supu na mke wangu dirisha likiwa wazi, na Orlin angefungua bomba la petroli pale shimoni akiwa peke yake.